Gari la Umeme: Soma Kibati cha Mota Kabla Hujanunua Kontrola

Wengi wenu mlikuwepo siku ile kwenye maegesho ya nyuma ya maktaba, tulipolizindua gari letu dogo la umeme mbele ya wanajumuiya. Mliona wenyewe. Gari lilitoka, watu wakapiga vigelegele, halafu kaka mmoja akaanza kutembea kando yake na mikono mfukoni, na gari likashindwa kumpita. Tulichemsha, sina neno jingine.

Tangu siku hiyo naulizwa: "Bwana injinia, vipi lile gari, betri ilikuwa mbovu?" Betri ilikuwa nzima. Mota ilikuwa nzima. Kontrola nayo nzima. Tatizo ni kwamba vitu vitatu vizima havikupimwa kwa pamoja. Na kwa kuwa zile paundi 600 zilitoka kwenye mifuko yenu, nyingine za mtu aliyefanya kazi ya usiku ghalani, nimeona ni haki yenu kupata maelezo kamili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hili ndilo daftari.

Tulichonunua

Mota tuliipata kwa muuza vyuma chakavu, imetolewa kwenye mashine ya kiwanda. Mota ya induksheni, fezi tatu, kilowati 7.5. Bei ya kutupa. Kontrola tuliipata kwa mtu aliyeacha kutengeneza gari lake: volti 96, ampea 650. Nayo bei nzuri. Tukasema mota ni ya AC, kontrola ni ya AC, betri tutapanga ya volti 96, mambo yamekwisha. Hapo ndipo tulipokosea, maana tulisoma neno moja tu, "AC", tukaacha namba zote nyingine.

Kontrola inafanya nini?

Betri hutoa umeme wa mkondo mmoja, DC. Mota ya fezi tatu inataka mawimbi matatu ya AC yanayopokezana, ili ndani ya stata, yaani sehemu isiyozunguka, kuwe na sumaku inayozunguka. Rota huifuata sumaku hiyo. Kontrola ndiyo inayogeuza DC kuwa AC kwa kuwasha na kuzima transista maelfu ya mara kwa sekunde. Ni ndugu wa ile inveta ya sola unayoijua nyumbani. Tofauti yake ni kwamba inveta ya nyumbani hutoa volti 230 na hezi 50 siku zote, lakini kontrola ya gari hubadilisha volti na hezi kila wakati kufuatana na mguu wa dereva.

Kitu kimoja ukishike vizuri, kwa sababu kila hesabu hapa chini inakitegemea: hezi ndizo zinazoamua mwendo, na volti ni lazima zipande pamoja na hezi. Ukipandisha hezi bila kupandisha volti, sumaku ndani ya mota inadhoofika na nguvu ya kusokota inapungua. Nguvu hiyo ya kusokota tuiite torki, kama mafundi wanavyoiita.

Swali la kwanza: mota ni ya aina gani?

Mota za AC za magari ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya induksheni, ambayo rota yake haina sumaku ya kudumu. Ndiyo iliyokuwa kwenye gari la EV1 la General Motors mwaka 1996, na kwenye Tesla Roadster ya mwaka 2008. Ya pili ina sumaku za kudumu ndani ya rota, kama Nissan Leaf iliyoingia sokoni mwaka 2010, na kama pikipiki nyingi za umeme zinazobeba abiria Nairobi, Kigali na Dar es Salaam.

Kontrola za aina hizi mbili hazifikiri namna moja. Kwa induksheni, rota lazima ibaki nyuma kidogo ya sumaku inayozunguka. Kubaki nyuma huko huitwa mtelezo, na bila mtelezo hakuna torki. Kontrola inahitaji kujua rota inazunguka kwa kasi gani. Kwa mota ya sumaku ya kudumu hakuna mtelezo. Kontrola inahitaji kujua rota iko wapi hasa, kwa nyuzi za pembe, kila wakati. Ukiifunga mota ya sumaku kwenye kontrola inayojua induksheni peke yake, itatetemeka kama mtu mwenye homa, itavuta ampea nyingi, na gari halitasogea.

Kuna hatari nyingine. Mota ya sumaku ikizungushwa kwa kasi kubwa inazalisha umeme yenyewe, hata kama kontrola imezimwa. Ukishuka mlima kwa kasi kuliko ilivyopangwa, volti zinazorudi zinaweza kuunguza transista. Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujatoa senti, hakikisha kontrola imeandikwa inakubali aina ya mota uliyonayo. Katika hili sisi tulibahatika: yetu ilikuwa ya induksheni na mota ya induksheni.

Swali la pili: volti zinatosha?

Hapa ndipo tulipoangukia pua. Kibati cha mota yetu kiliandikwa hivi: volti 230 kwa delta, 400 kwa nyota, hezi 50, kilowati 7.5, mizunguko 1440 kwa dakika, ampea 25.4 kwa delta na 14.7 kwa nyota. Kila kitu kilikuwa pale! Hatukukisoma kwa sababu kilikuwa na rangi na grisi juu yake.

Tufanye hesabu pole pole. Kontrola haiwezi kutoa volti za AC zinazolingana na za betri. Kwa kawaida volti kubwa kabisa kati ya fezi na fezi ni volti za betri ukigawa kwa 1.41. Betri ya 96 inatoa basi kama volti 68 za AC.

Mota yetu, hata tukiifunga delta ambayo ndiyo yenye volti ndogo, inataka 230 kwa hezi 50. Gawa 230 kwa 50, unapata volti 4.6 kwa kila hezi moja. Sasa gawa 68 kwa 4.6. Jibu ni hezi 14.8 hivi. Yaani kontrola inaweza kuilisha mota sawasawa mpaka hezi 14.8 tu, halafu volti zimekwisha.

Mota yenye ncha nne za sumaku huzungusha sumaku yake mara 30 kwa dakika kwa kila hezi. Kwa hezi 50 ni 1500, na rota inabaki nyuma kwa 60, ndiyo maana kibati kinasema 1440. Kwa hezi 14.8 ni kama 445, toa mtelezo wa 60, unabaki na mizunguko 385.

Kwenye gia ya pili ya gari letu, mota inazunguka mara 8 ili gurudumu lizunguke mara moja, na gurudumu likizunguka mara moja gari linasogea mita 1.76. Piga hesabu: ni kilomita 5 kwa saa. Ni mwendo wa binadamu anayekwenda sokoni bila haraka. Yule kaka mwenye mikono mfukoni alikuwa anaisoma hesabu yetu kwa miguu yake! Gia ya juu ingetupa kilomita 10. Zaidi ya hapo mota inaweza kuzunguka, lakini kwa kudhoofisha sumaku, na torki inazidi kushuka.

Na nguvu? Torki ya mota ile ni kama niutoni-mita 50. Kwa mizunguko 1440 hiyo ndiyo kilowati 7.5. Kwa mizunguko 385 ni kilowati 2 tu. Tulinunua kilowati 7.5 tukaendesha 2.

Mtu atauliza, kwa nini msiongeze betri? Sawa, tuhesabu tena. Kupata volti 230 za AC unahitaji betri ya kama volti 325, ambayo kwa seli za lithiamu za volti 3.2 ni zaidi ya seli 100 mfululizo. Kwanza kontrola ya volti 96 ingeungua papo hapo. Pili, umeme wa DC unaozidi volti 60 tayari unahesabiwa kuwa wa hatari, na volti 325 mikononi mwa wanafunzi kwenye karakana ya kuazima ni kutafuta msiba. Mimi sikukubali.

Hapo hapo niseme jambo ambalo wengi hulisahau: volti 96 ni jina tu. Seli 30 za lithiamu fosfati zikijaa hufika volti 3.65 kila moja, jumla kama 110. Kontrola lazima ivumilie hizo 110, tena na ziada kidogo. Maana ukiondoa mguu, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, na volti hupanda. Betri ikiwa imejaa na unashuka mlima, breki hiyo ya umeme lazima ipunguzwe, la sivyo kontrola itajizima katikati ya mteremko.

Swali la tatu: ampea zinalingana?

Volti huleta mwendo, ampea huleta torki. Kontrola yetu ilikuwa na ampea 650 na mota ilihitaji 25. Kwa hiyo tulikuwa na kontrola inayoweza kutoa zaidi ya kilovoltiampea 70, na mota ikitumia 3. Ni kama kukodi lori la tani kumi kubeba kikapu cha nyanya.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Kontrola ndogo kwenye mota kubwa itafikia kikomo chake kila unapopanda kilima, itapata joto, itapunguza ampea yenyewe, na gari litakusimamia njiani. Angalia pia maandishi madogo. Ampea 650 za kontrola yetu zilikuwa za dakika 2 tu, za kudumu zilikuwa pungufu sana. Mota nayo ina namba mbili: torki ya kudumu, na ile ya muda mfupi, ambayo kwa induksheni nyingi unaweza kuifikisha mara mbili ya kawaida kwa muda mfupi bila kuiunguza.

Unajuaje unahitaji torki kiasi gani? Anza na kilima. Gari letu pamoja na watu ni kilo 1000. Kwenye mlima unaopanda mita 1 kwa kila mita 10, uzito unalivuta nyuma kwa niutoni kama 980. Ongeza 120 za matairi, jumla 1100. Zidisha kwa nusu kipenyo cha gurudumu, mita 0.28, unapata niutoni-mita 308 kwenye magurudumu. Gawa kwa 8 ya gia ya pili, ni 38.5, na ukiweka hasara za giaboksi ni kama 42. Mota yetu ina 50. Kwa hiyo torki ilitosha tangu mwanzo! Hatukuwa na mota dhaifu, tulikuwa na mota iliyosukwa kwa volti za kiwanda.

Dawa yake

Tulikuwa na njia tatu. Kwanza, kuuza vyote na kununua jozi iliyokwisha pimwa na mtengenezaji, kama ile mota ya AC-50 ya HPEVS wa California inayouzwa pamoja na kontrola ya Curtis. Ukiwa na fedha, fanya hivyo, usijitese. Pili, kutafuta betri na kontrola za volti kubwa, nimeshasema kwa nini tulikataa. Tatu, kuisuka mota upya.

Tulimpata mzee mmoja fundi wa kusuka mota, Mwingereza aliyestaafu, na tukamweleza. Akatikisa kichwa akasema hesabu yetu ni sahihi ila imechelewa. Kanuni ni hii: ukipunguza idadi ya mizunguko ya waya katika kila koili, mota inataka volti chache kwa kila hezi. Lakini waya lazima unenepe kwa kadiri hiyo hiyo, maana ampea zinaongezeka. Shaba inabaki ile ile kwa uzito.

Tungegawa mizunguko kwa 3.4, volti 68 zingetosha hezi 50, na tungepata kilowati zetu 7.5. Lakini kontrola ilikuwa na ampea nyingi za bure. Tukaamua kugawa kwa 6.8 hivi, ili volti 68 zifike mpaka hezi 100. Mota inazunguka karibu mara 2940 kwa dakika, torki ni ile ile 50, na nguvu inakuwa kama kilowati 15. Ampea zinapanda mpaka 172, na ukikanyaga sana kama 350. Kontrola ya 650 inazimudu bila jasho. Kwa karatasi, gia ya pili sasa inafika kilomita 38 kwa saa na ya juu 77.

Lakini hakuna cha bure. Hezi zikiongezeka, chuma cha stata kinapata joto zaidi. Fundi alikagua beringi na ulinganifu wa rota kabla ya kukubali mwendo huo mara mbili. Feni ya mota imefungwa kwenye shafti yake, kwa hiyo ukipanda mlima pole pole inapuliza kidogo wakati joto ni kubwa. Tukaweka feni ndogo ya pembeni na kihisi joto ndani ya koili. Betri nayo: kilowati 15 kwenye mota ni kama 18 kutoka kwenye betri, yaani ampea 190 hivi. Betri isiyoweza kutoa hizo itaangusha volti, na volti zikianguka hesabu yote ya juu inaanguka nayo.

Kuzitambulisha

Hata vikilingana kwa namba, kontrola bado haiijui mota. Lazima uiambie. Enkoda, kile kifaa kinachohesabu mizunguko ya rota, chetu kinatoa mapigo 64 kwa kila mzunguko. Ukiandika 32 kwenye kontrola, itadhani rota inakwenda mara mbili ya ukweli, mtelezo utakuwa wa uongo, na gari litaruka kama mbuzi. Nyaya mbili za enkoda zikigeuzwa, kontrola inaona mota inarudi nyuma wakati inakwenda mbele. Utaandika pia idadi ya ncha, kikomo cha ampea, mtelezo, na hezi ambazo baada yake sumaku idhoofishwe.

Mtelezo tuliuanza na hezi 2, ndiyo ile tofauti ya 1500 na 1440. Ukiuweka mdogo mno gari linakuwa zito. Ukiuweka mkubwa mno, ampea zinapanda, torki haipandi, joto tu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na uandike.

Kwa wenye pikipiki za sumaku ya kudumu, kuna nyaya tatu nene za fezi na tatu nyembamba za vihisi. Namna za kuziunganisha ni 36, na nyingi kati ya hizo ni mbaya. Usijaribu kwa ampea zote. Punguza kikomo kwanza, inua gurudumu, halafu jaribu.

Na usalama, jamani. Magurudumu ya kuvuta yawe juu ya stendi, siyo jeki peke yake. Fyuzi ya DC iwe karibu na betri. Kabla ya kontakta kuu kufunga, kapasita za kontrola zijazwe pole pole kupitia rezista, la sivyo cheche itachomelea kontakta. Ukizima, subiri, kisha pima kwa mita kabla ya kugusa. Kapasita hukaa na umeme wakati wewe umeshasahau.

Mwisho

Hesabu ya fedha: mota, kontrola na vifaa vidogo vilikula zile 600. Kusuka upya kumegharimu paundi 280, ambazo sisi wanne wa karakana tumelipa wenyewe, kwa sababu kosa lilikuwa letu. Mweka hazina ana risiti. Jumapili mbili zilizopita tulilitoa tena gari asubuhi na mapema, bila kumwalika mtu. Lilipanda kile kilima cha kwenda mabwenini kwa gia ya pili, watu watatu ndani, na mota ikabaki chini ya nyuzi 80.

Nimeandika kirefu kwa sababu wengi wetu tutarudi nyumbani. Makerere walitoa gari lao la Kiira EV mwaka 2011. Nairobi kuna kampuni iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, sasa Roam, iliyogeuza magari ya safari kuwa ya umeme. Mafundi wa kusuka mota tunao kila mji, na mikono yao ni mizuri kuliko yangu. Kitakachotafutwa ni mtu wa kukaa na fundi huyo, wakafuta grisi kwenye kibati, wakapiga hesabu pamoja kabla fedha haijatoka mfukoni. Mkiona mtu anakwenda kununua kontrola, mwambieni kwanza apige picha ya kibati aniletee.

Na yule kaka wa mikono mfukoni, tunamngoja Jumamosi maegeshoni. Safari hii avae viatu vya kukimbilia.